Jinsi ya Kutazama Siku Moja ya Sauti za Busara, Kuanzia Mchana Hadi Usiku wa Manane

Sauti za Busara ni tamasha la muziki wa Kiafrika linalofanyika Mji Mkongwe, Unguja, mwezi wa Februari, na kitovu chake ni Ngome Kongwe, ngome ya mawe inayotazamana na bustani ya Forodhani. Lilianza mwaka 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu waandaaji walikosa fedha za kuliendesha. Sharti lake linalojulikana zaidi ni kwamba kila anayepanda jukwaani apige na kuimba papo hapo, na msanii anayetaka kuwekewa wimbo uliorekodiwa ili aufuatishe kwa midomo hana nafasi. Kwa mtazamaji, sharti hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndilo linaloamua ratiba iende vipi, vyombo vipangwe kwa muda gani, na mtu asimame wapi ili asikie vizuri.

Mwongozo huu unahusu siku moja tu ya tamasha, nao umeandikwa kwa ajili ya mtu anayefika kwa mara ya kwanza, awe anatoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au ng'ambo. Ushauri wake mkuu utarudi kila mara: ipange siku yako kwa kuanzia na wasanii wa jioni, wale wanaopanda jukwaani jua lingali juu. Watu wengi huingia saa tatu usiku kwa ajili ya jina kubwa lililochapishwa juu ya bango, wakati jina hilo wangeweza kulikuta katika ukumbi wowote wa Dar es Salaam au Nairobi. Kikundi cha kidumbak, ile taarabu ya haraka ya Unguja, au ngoma ya Pemba iliyowekewa vipaza sauti na fundi anayejua kazi yake, si kitu mtu anachokikuta kila mahali.

Hatua ya 1: Hakiki tarehe, kisha kata kiingilio

Kwa muda mrefu watu wamezoea kwamba tamasha huwa wikendi ya pili ya Februari, lakini usikate tiketi ya boti kwa kukisia. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na katika miaka hii umeingia Februari, hivyo tarehe za tamasha haziwezi kupangwa bila kuutazama mwezi huo. Soma tangazo la mwaka husika kutoka kwa waandaaji wenyewe, kisha ndipo upange safari.

Viwango vya kiingilio hutofautiana kulingana na uraia na ukaazi, na iko tiketi ya siku moja na iko ya siku zote. Mtanzania anayetaka kulipa kiwango cha Mtanzania awe na kitambulisho mkononi, kwa kuwa mlangoni si mahali pa kubishana na kijana aliyepewa kazi ya kukagua huku foleni ikirefuka nyuma yako. Ukishavalishwa utepe wa mkononi, uache hapo hapo hadi siku iishe, na umwombe anayekuvalisha asiubane sana, kwa sababu joto la Februari huvimbisha viganja na vidole.

Kama una siku moja tu ya kuchagua, weka ratiba za siku zote mbele yako na utazame safu ya juu, yaani maonyesho ya kwanza ya kila siku. Siku yenye vikundi viwili vya jioni unavyotaka kuviona ndiyo siku yako, hata kama msanii maarufu kuliko wote yuko siku nyingine.

Hatua ya 2: Fika Unguja mapema na uwe na pa kulala

Boti za mwendo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi kwa muda wa karibu saa mbili, na tiketi hukatwa kwa kuonyesha kitambulisho au pasipoti. Februari ni msimu wa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki, na zipo siku ambazo bahari huchafuka kiasi cha kumlegeza mtu kwa saa kadhaa baada ya kushuka. Anayevuka asubuhi ya siku ileile ya onyesho hufika amechoka, naye hujikuta anasinzia wakati bendi nzuri kuliko zote imepanda jukwaani. Vuka siku moja kabla ukiweza.

Wapo wanaodhani wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hilo haliwezekani, kwa kuwa boti ya mwisho ya kurudi Dar es Salaam huwa imeshaondoka kabla muziki haujachanganya.

Nyumba za kulala wageni za Mji Mkongwe hujaa mapema katika wikendi hiyo. Ukikosa Shangani au Malindi, tafuta Kikwajuni, Kilimani au Michenzani, ambako mtu mwenye miguu mizima hurudi kwa kutembea. Usikubali kushawishiwa ukalale Nungwi au Paje kwa ajili ya ufukwe, kwani utalazimika kutafuta gari la mwendo wa zaidi ya saa moja katikati ya usiku, na mwenye gari atakupangia bei anavyotaka.

Hatua ya 3: Soma ratiba ukiwa na kalamu

Hii ndiyo hatua inayoamua kama siku yako itakuwa ya kusikiliza muziki au ya kukimbia huku na huko. Ndani ya Ngome kuna jukwaa kuu, lililowekwa katika uwanja wa nyasi, na kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Nje, katika bustani ya Forodhani, huwekwa jukwaa jingine ambalo watu wa mjini hulitazama bila kulipa. Maonyesho hupandana, na huwezi kuyaona yote. Likubali hilo mapema, kabla hujaanza kupiga alama.

Onyesho moja kwa kawaida huwa la dakika 45 hadi saa moja. Kutoka jioni hadi saa saba za usiku mtu anaweza kuhesabu maonyesho mengi kwenye karatasi, lakini masikio na miguu vina kikomo. Chagua mawili au matatu utakayoyatazama tangu fundi anapopima sauti hadi pigo la mwisho, na mengine mawili ya kuonja. Moja kati ya hayo yote liwe la kikundi ambacho hujawahi kulisikia jina lake. Saa zinazobaki ziache wazi, kwa kuwa utakula, utakutana na watu, utapotea vichochoroni, na pengine bendi usiyoitarajia itakuzuia usiondoke.

Kisha tazama ni muziki wa aina gani, kwa sababu kila aina ina mahali ambapo utamu wake unakaa, na anayetoka kabla ya hapo huondoka na hukumu isiyo ya haki.

Taarabu asilia ya Unguja ni muziki wa kukaa. Kikundi kama Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, au Ikhwani Safaa, chenye historia inayorudi hadi mwaka 1905, huweza kufungua kwa bashrafu, yaani kipande cha ala peke yake, ambamo fidla, udi, ganuni na akodiani hutangulia kabla ya mwimbaji yeyote kusimama. Mtu aliyezoea wimbo wa dakika tatu huona kama hakuna kinachoendelea. Asubiri. Beti zitakuja moja moja, kiitikio kitarudi, na baina ya ubeti na ubeti ala zitajibu kile kilichoimbwa. Sikiliza maneno, kwa kuwa nusu ya onyesho iko katika mafumbo, na ukiwasikia kina mama waliokaa karibu nawe wakiguna au kucheka kwa pamoja, ujue kuna jiwe limerushwa na limempata mtu.

Kidumbak ni ndugu wa taarabu mwenye haraka. Hupigwa na watu wachache: fidla moja, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (kayamba za kutikiswa), mkwasa (vijiti vya kugonganishwa), na sanduku, ambalo ni besi ya waya mmoja iliyofungwa kwenye kasha na kuvutwa kwa mti. Hapa huna haja ya kusubiri, maana mdundo huanza kwa kasi na huzidi kupanda. Simama karibu na sanduku. Utaona mpigaji akiukaza na kuulegeza mti ili kubadilisha sauti, na utashangaa jinsi waya mmoja unavyobeba wimbo mzima.

Katika muziki wa dansi na rumba mambo ni kinyume na kidumbak. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akasimulia habari zake, magitaa yakamfuata kwa heshima, na baada ya dakika kadhaa ndipo linapofika chemko, ambalo Wakongo huliita sebene. Hapo gitaa la solo hushika usukani, waimbaji wakageuka kuwa wachezaji, na uwanja mzima ukaamka. Mtu aliyesikiliza dakika mbili za mwanzo akaenda kununua maji amesikia utangulizi tu.

Ngoma za bara nazo zina taratibu zake. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ambao familia ya marehemu Hukwe Zawose imeutangaza duniani kote kutoka Bagamoyo, hujengwa kwa sauti nyingi zinazoimba kwa pamoja juu ya zeze la nyuzi na ilimba, chombo cha vibanzi vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na uzuri wake husikika vyema mahali penye utulivu. Ukiona kikundi cha namna hiyo kimepangiwa ukumbi wa ngazi, wahi kiti. Ukikiona kimepangiwa jukwaa kuu usiku wa manane baada ya bendi ya gitaa za umeme, fahamu kwamba mpangaji wa ratiba amekitupa, na wewe msogelee fundi mitambo ili upate cha kusikia.

Hatua ya 4: Tumia mchana kupumzika

Maonyesho ya ndani ya Ngome huanza jioni, kwa hiyo asubuhi na mchana ni mali yako. Pata usingizi wa adhuhuri kama wenyeji wanavyofanya, kunywa maji mengi, na ule mlo wa maana kabla ya alasiri: wali kwa samaki wa nazi, au pilau, au chochote chenye uzito. Anayesubiri kula Forodhani saa mbili usiku hukuta foleni ndefu, na hupoteza onyesho zima kwa ajili ya mishkaki.

Kama siku yako ni ile inayofunguliwa kwa gwaride, lifuate. Brasibendi na vikundi vya beni, ngoma inayoiga bendi za kijeshi, hupita mitaani vikiwa na watoto mbele, na hapo mtu hupata kuviona vyombo vya kupuliza kwa umbali wa hatua mbili, jambo ambalo halitawezekana tena mara wasanii wakishapanda jukwaani.

Hatua ya 5: Vaa na ubebe vinavyofaa

Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaoishi, wenye misikiti na madrasa, na watu hupita kwenda kuswali huku wewe ukienda kwenye muziki. Mabega na magoti yafunikwe unapotembea mitaani. Kanga au kikoi kimoja mkobani kinatosha: utajifunika njiani, utakikalia kwenye ngazi za mawe zilizoshika joto la jua, na usiku upepo wa bahari ukianza utajitanda. Viatu viwe vya chini na vya kufunga, kwa sababu uwanja huwa na nyaya, na umati haukuoni vidole.

Mkoba uwe mdogo, kwani utakaguliwa mlangoni. Weka kitambulisho, noti ndogondogo, simu iliyojaa chaji, na vizibo vya masikio. Wengi hucheka wakisikia habari ya vizibo, na Waswahili tuna mazoea ya kudhani kwamba sauti ikiumiza ndiyo nzuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha usalama kwa kumbi na matamasha, nacho kinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Ukisimama mbele ya rundo la spika kwa saa tano, unaweza kuwa juu ya hapo bila kujua, na mlio unaobaki masikioni asubuhi yake ni onyo la mwili. Kizibo kizuri hupunguza ukali wa sauti na kuacha wimbo ukisikika sawasawa. Pamba haisaidii kitu.

Hatua ya 6: Ingia kabla ya jua kuzama na uijue Ngome

Februari jua huzama Unguja karibu saa moja kasoro robo. Lenga kuingia saa kumi na moja au kumi na moja na nusu. Wakati huo foleni ni fupi, kuta zimeanza kutoa kivuli, na unaweza kuizunguka Ngome kabla watu hawajajaa. Waarabu wa Omani waliijenga kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwaondoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene na ndefu. Hilo si jambo la historia peke yake, kwani ukuta wa mawe hurudisha sauti. Anayesimama ameegemea ukuta wa pembeni husikia kila pigo la dramu mara mbili, na besi humfikia ikiwa imevurugika. Utawasikia watu hao wakilalamika kwamba mitambo ni mibovu.

Mahali pazuri pa kusikia ni karibu na fundi mitambo, yaani pale palipowekwa meza ya kuchanganyia sauti, katikati ya uwanja kuelekea nyuma. Yeye hupanga sauti kwa kusikiliza kutoka hapo, hivyo unachosikia hapo ndicho alichokusudia. Kwa onyesho ulilolichagua kulitazama kikamilifu, anza na wimbo mmoja au miwili mbele kabisa ili uone mikono ya wapigaji, kisha rudi nyuma taratibu hadi kwa fundi, na ubaki hapo. Mtu mfupi atafute ngazi au ukingo ulioinuka. Katika ukumbi wa ngazi tatizo hilo halipo, na ndiyo maana wazee na wenye watoto huupenda.

Kabla hujatulia, jua mambo matatu: vyoo viko wapi, maji yanauzwa wapi, na mlango wa pili wa kutokea ni upi. Panga na wenzako mahali pa kukutana, kwa sababu usiku mtandao wa simu huzidiwa, na kelele humzuia mtu kusikia hata akipigiwa. "Mbele ya jukwaa" hapatoshi. Chagueni mti, mlango au duka.

Adhana ya magharibi ikiadhiniwa, usishangae muziki ukisimama. Ni wakati mzuri wa kutafuta maji.

Hatua ya 7: Litazame onyesho tangu kupimwa kwa sauti

Kati ya bendi moja na nyingine kuna dakika 15 hadi 30 ambazo watazamaji wengi huzitumia kuondoka. Ukiwa umechagua bendi inayofuata, usiondoke. Kwa kuwa kila kitu hupigwa papo hapo, kila chombo lazima kisikilizwe peke yake kabla ya wimbo wa kwanza, na hapo ndipo utakapokijua kila chombo kwa sauti yake, ili baadaye vikichanganyika uweze kukifuata unachokitaka.

Mtazame mpigaji wa ganuni, kwa mfano. Chombo kimelala magotini au juu ya meza ndogo, na kila sauti ina nyuzi tatu zinazotakiwa kulia kama uzi mmoja. Joto na unyevunyevu wa pwani huzilegeza. Yeye huinamisha kichwa hadi sikio likaribie mbao, huku mkono wa kushoto ukizungusha ufunguo kiasi kidogo sana na mkono wa kulia ukigusa uzi uleule tena na tena, katikati ya vishindo vya dramu inayopimwa upande wa pili. Akimaliza huvaa pete zake mbili za chuma kwenye vidole vya shahada, huchomeka vipande vya kupigia, na kumwashiria fundi. Mtu aliyeyaona hayo hatamwonea kinyongo kwa kuchelewa.

Wimbo wa kwanza ni wa fundi mitambo zaidi kuliko wa hadhira. Sauti ya mwimbaji huwa chini au juu mno, gitaa hupotea, kisha mambo hukaa sawa. Usiihukumu bendi kwa wimbo huo. Kuanzia wa pili chagua chombo kimoja ukifuate tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na katika wimbo unaofuata chagua kingine. Watu wengi hutazama uso wa mwimbaji usiku kucha, na wakiulizwa nani alipiga besi hawakumbuki hata kama kulikuwa na besi.

Katika taarabu kuna desturi ya kutunza, na mgeni anaweza kushiriki akifuata adabu zake. Mtu husikia ubeti uliomgusa, huinuka, na huenda mbele akicheza polepole, noti ikiwa mkononi, imeinuliwa kidogo ili ionekane. Hakimbii wala hapandi jukwaani kwa pupa. Humfikia mwimbaji, humpa noti mkononi au humwekea mbele yake, huku mwimbaji akiendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha hurudi kwa mwendo uleule. Kiasi si hoja kubwa. Noti ndogo iliyotolewa kwa ubeti uliostahili huheshimiwa. Jambo la kuchunga ni kwamba kuinuka kwako kunasomwa. Ukitunza katika ubeti unaomsema mke mwenza au jirani mmbea, wanaokujua watahesabu, kwa hiyo sikiliza maneno kabla ya kusimama.

Kuhusu simu, piga picha mbili au video fupi katika wimbo wa kwanza, kisha uitie mfukoni. Skrini iliyoinuliwa humziba aliye nyuma yako, na sauti inayorekodiwa karibu na spika haisikiki vizuri hata siku moja. Kwa ngoma zenye asili ya unyago, kama zile zilizojulikana jukwaani kupitia kwa marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, tazama wenyeji wanafanya nini kabla ya kuinua kamera.

Hatua ya 8: Kula na kunywa bila kupoteza onyesho

Wakati mzuri wa kwenda Forodhani ni katikati ya onyesho ambalo hukulichagua. Uliza kwanza mlangoni kama utepe wako unakuruhusu kutoka na kurudi. Huko utakuta urojo, pweza, mishkaki, zile chapati za kukunja zenye nyama na mayai wanazoziita piza ya Zanzibar, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Uliza bei kabla hujaanza kuchagua, na ule kilichopikwa mbele ya macho yako. Samaki waliopangwa mezani tangu alasiri waachie wengine. Urojo ndio unaofaa zaidi kwa mwenye haraka, kwa kuwa hutolewa mara moja na hushibisha bila kulemea.

Ndani ya Ngome vinywaji vya kila aina hupatikana. Anayekunywa kilevi anywe humo na akimalizie humo, wala asitembee na chupa vichochoroni.

Hatua ya 9: Usiku mkubwa na njia ya kurudi

Kuanzia saa tatu uwanja hujaa, na mtu aliyeingia mapema anahitaji kuamua kama anabaki mbele au anarudi nyuma. Ukiwa na mtoto, au ukiwa hupendi kubanwa, hamia ukumbi wa ngazi kama bado una onyesho, au simama nyuma karibu na mlango. Ukisikia kizunguzungu, toka upate upepo wa Forodhani bila kungoja wimbo uishe. Watu wa huduma ya kwanza huwapo, na Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali.

Msanii mkubwa akipanda, mpe nyimbo tatu au nne. Zipo bendi zinazoshinda sifa zao, na zipo zinazotegemea jina. Hakuna kosa katika kuondoka saa tano usiku ukiwa umeshaona uliyoyakusudia, na kwa kawaida huo ndio wakati mzuri wa kutoka, kabla umati wote haujaelekea mlango mmoja. Ukibaki hadi mwisho, ngoja dakika kumi baada ya pigo la mwisho, foleni ipungue.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana usiku, na ramani ya simu hupotea kati ya majumba marefu. Rudi mkiwa kikundi, pita njia ya baharini au barabara zenye taa na maduka yaliyo wazi, hata kama ni ndefu zaidi. Kama mnahitaji teksi, patana nauli kabla ya kufungua mlango wa gari.

Kabla ya kulala, andika pembeni mwa ratiba majina ya vikundi vilivyokuvutia na, ukiweza, chombo au wimbo uliokushika, kwa sababu vikundi vingi vya Unguja na Pemba havipatikani kwa urahisi mtandaoni, na utahitaji jina kamili ili kuwaulizia. Walimu na wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA), kilichoanzishwa mwaka 2002 hapo hapo Mji Mkongwe, wanawafahamu wengi wao na wanajua nani anapiga wapi wiki hiyo. Kama una tiketi ya boti ya kwanza ya asubuhi, kawaone safari nyingine, na utege kengele ya simu sasa hivi.